Nimepewa oda ya sandali jozi 60 zisizo na ngozi wala chochote cha mnyama. Mafundi na wajuzi, nishaurini

#1 FundiMsharasi (Unguja)

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni fundi wa makubadhi na sandali, mwaka wa 13 huu nakaa kwenye kigoda. Wiki iliyopita amenijia mwenye nyumba ya wageni huku mashariki ya kisiwa, anataka jozi 60. Sharti lake moja tu: ziwe za "vegani". Nikamuuliza ndiyo nini hiyo, akanieleza kuwa ni watu wasiokula wala kuvaa chochote kinachotoka kwa mnyama. Maziwa, mayai, asali, ngozi, vyote hapana.

Nikamtolea ngozi bandia, ile ya kuvalishia makochi. Akaipindua, akainusa, akaniambia hii plastiki, na plastiki wageni wake hawaitaki kwa sababu inaishia baharini.

Usiku nikakaa nikaifumua sandali yangu kichwani kipande kwa kipande. Ukanda wa juu ni ngozi. Kitako cha ndani ni ngozi. Uzi ni wa pamba, lakini naupitisha kwenye nta ya nyuki uteleze kwenye tundu la msharasi na usioze kwa maji. Na nyuki kwa hesabu zao naye ni mnyama. Nikabaki na soli ya tairi na bizimu.

Naomba mnisaidie: nitumie nini badala ya ngozi? Hizi "ngozi za mananasi" ninazozisikia zipo kweli au ni maneno ya biashara? Na kuna jambo linaniuma siku nyingi: kwa nini ngozi bandia inababuka? Mwaka juzi nilishona mikoba 20 nikaitundika dukani. Kwenye masika ya pili ikaanza kutoa maganda kama mtu aliyeungua jua, na hakuna aliyeivaa. Nilitupa zaidi ya nusu.

Malipo ya awali nimeshapokea na yameshaingia kwenye ada ya watoto, kwa hiyo tafadhalini msiniambie nikatae oda.

#2 MsimbaziB

Hongera kwa oda fundi. Kuhusu mikoba, ulinunua mali ya bei ya chini. Hapa Kariakoo kuna roli za madaraja tofauti. Ile nyembamba ambayo nyuma yake kuna kitambaa kama bandeji haifiki popote. Ukikuta nyuma kitambaa kizito kilichofumwa, hiyo inakaa.

#3 Mkemia_Mabibo

Mkuu #2, unene unasaidia, lakini siyo kiini cha tatizo. Ngozi bandia ni koo mbili. Kuna PVC, ambayo kwa asili ni plastiki ngumu iliyotiwa mafuta ya kuilainisha. Mafuta yale yanatoka taratibu kwa joto, plastiki inarudi kwenye ugumu wake, inapasuka nyufa. Halafu kuna poliuritheni, wenyewe wanaandika PU. Hiyo ni utando mwembamba juu ya kitambaa, na adui wake ni unyevu. Mvuke wa maji unaingia na kuzikata zile minyororo za kemikali moja moja. Haihitaji kuvaliwa. Inaoza ikiwa imetundikwa.

Ukitaka kujua ni ipi, tazama inavyokufa. Ikipasuka kwa mistari mikavu ni PVC. Ikitoa maganda membamba, na chini yake pananata kidogo, ni PU. Maelezo ya fundi ni ya PU kabisa, tena Unguja ambako hewa yenyewe ni maji.

Ni ugonjwa uleule unaozikuta soli za raba zilizohifadhiwa kabatini. Unazitoa kwa ajili ya harusi, hatua kumi tu soli inamomonyoka kama keki.

#4 Makochi_na_Viti

Mimi navalisha viti vya daladala na bodaboda mwaka wa tisa. Kama ni unyevu, mbona kiti cha dirishani kinababuka kabla ya kile cha katikati? Wote wanakaa gari moja, hewa moja. Ni jua. Na pale kichwa kinapoegemea panaanza mapema zaidi, kwa sababu ya mafuta ya nywele na jasho. Mikoba ya fundi ilitundikwa barazani au ndani? Atwambie.

#5 FundiMsharasi

Barazani, lakini ndani ya kivuli. Jua halikuigusa hata siku moja.

#6 Makochi_na_Viti

Basi joto la mabati.

#7 Mwl_Kibada

Naongeza la tatu. Mimi niliwahi kukata begi lililobabuka nikalikagua. Utando wenyewe ulikuwa mzima. Kilichoachia ni gundi iliyoushika kwenye kitambaa. Kwa hiyo kuna mali mbovu na kuna ubandikaji mbovu, na sisi wanunuzi tunaviita vyote "feki".

#8 KijanaWaMajani (Arusha)

Fundi, nimefurahi sana kuona uzi huu. Mimi ni vegani mwaka wa sita. Nitajitahidi kujibu kwa moyo mweupe maana najua wengi mnatushangaa.

Neno lenyewe ni la mwaka 1944, lilianzia Uingereza kwa Donald Watson na wenzake. Maana yake ni kuepuka kutumia mnyama kadiri inavyowezekana, si kwenye sahani tu. Kwenye mavazi vitu vikubwa ni ngozi, sufi ya kondoo, hariri na manyoya. Hariri wengi hawajui inavyopatikana: kiwavi anajizungushia uzi mmoja mrefu, unaweza kufika mita 900, halafu kifuko kinatiwa kwenye maji ya moto au mvuke yeye akiwa hai ndani, ili asitoboe akaukata. Kwa kondoo wa merino kule Australia kuna utaratibu wa kuwakata ngozi ya sehemu ya nyuma ili nzi wasitage. New Zealand imeupiga marufuku mwaka 2018.

Mimi nilikulia nyumba ya wafugaji. Ndama niliyemlea kwa chupa alichinjwa kwenye sherehe yangu mwenyewe, na mkanda niliopewa siku ile ulitokana na ngozi yake. Niliuvaa miaka minne. Siku niliyouvua sikuweza kuurudisha kiunoni.

Kwa hiyo kwangu swali la kwanza si kama kitu kinadumu. Swali ni kimetoka kwa nani.

#9 VetWaWilaya

Kijana, nimekuelewa na sina neno na moyo wako. Lakini tuseme ukweli wa machinjioni, maana mimi naamka saa tisa usiku kwenda kukagua nyama. Ng'ombe anachinjwa kwa ajili ya nyama. Ngozi ni cha pembeni. Tanzania tuna ng'ombe wengi kuliko nchi zote za Afrika ukiitoa Ethiopia, na bado ngozi nyingi zinaozea kwenye mashimo. Nyingine imejaa makovu ya kupe, nyingine mfugaji kapiga chapa katikati ya ubavu palipo pazuri kuliko pote, nyingine mchunaji kaitoboa kwa kisu. Leo wote tukiacha kuvaa ngozi, hakuna ng'ombe hata mmoja atakayepona. Shimo ndilo litakalojaa.

#10 NaivashaWetu (Kenya)

Daktari, hilo la "cha pembeni" sisi huku lilituumiza. Kenya ilifungua machinjio manne ya punda, na huyo hakuchinjwa kwa nyama. Alitakiwa ngozi, ichemshwe iwe ejiao, dawa ya Wachina. Watu walikuwa wanaamka asubuhi wanakuta punda wao wa kubeba maji amechunwa nyuma ya nyumba, nyama imeachwa hapo kwa mbwa. Shangazi yangu alipoteza watatu kwa usiku mmoja. Alikuwa anauza maji kwa mkokoteni, na baada ya hapo akaanza kubeba mitungi mgongoni. Umoja wa Afrika ulikuja kusimamisha biashara hiyo Februari 2024, kwa miaka 15.

Kwa hiyo ngozi ikipata bei, inaacha kuwa ya pembeni. Inakuwa ndiyo sababu.

#11 VetWaWilaya

Pole sana kwa shangazi. Hilo la punda ni kweli na hata huku Tanzania lilitusumbua. Lakini ile ni dawa, siyo kiatu. Ngozi ya ng'ombe haijafika bei ya kumchinja ng'ombe kwa ajili yake.

#12 NaivashaWetu

Haijafika, sawa. Na huo mfuko wa ngozi ya mamba wa bei ya gari je? Pale nyama ni ya pembeni. London wiki yao ya mitindo walitoa manyoya 2018, na kuanzia 2025 ngozi za mamba na nyoka nazo haziingii jukwaani.

#13 MzeeWaPangani

Salaam. Kabla hamjaenda mbali, nimsahihishe kijana wa #8 kwa upole. Mwanangu, sufi haitoki kwa kondoo. Ya kondoo ni SUFU. Sufi ni ya mti, msufi ule mrefu wenye miiba, tunda lake likikauka linapasuka na kutoa pamba laini nyepesi. Magodoro na mito yote ya utoto wangu ilikuwa ya sufi. Irabu moja tu, na umemvalisha vegani kondoo.

Na nyie mnaohangaika na ngozi za mananasi: wazee wenu walivaa nini? Kanzu ni pamba. Kanga ni pamba. Kofia ya kito ni pamba kwa sindano. Msikitini na chooni tulivaa mitawanda, kiatu cha mti chenye kigingi cha kushika kwa vidole. Ngozi ilikuwa kwenye makubadhi na ala ya jambia. Hao wageni wa fundi wangetembelea sanduku la bibi yangu wasingekuta mnyama.

#14 KijanaWaMajani

Shikamoo mzee, nimekosolewa na nimekubali. Sufu. Na ajabu ni kwamba hiyo sufi ya mti sasa Ulaya wanaijazia makoti ya baridi badala ya manyoya ya bata.

#15 MzeeWaPangani

Marahaba. Sisi tuliitupa tukanunua sponji.

#16 Mkwakwani_82 (Tanga)

Fundi, jibu lako liko Tanga. MKONGE. Uliletwa na Mjerumani, Dk. Richard Hindorf, mwaka 1893 kutoka Florida. Miche elfu moja ilifungashwa, iliyofika hai ni 62 tu, na kutokana na hiyo 62 mwaka 1964 Tanganyika ilivuna tani kama 230,000. Babu yangu alikuwa mkataji shamba la Ngomeni, mikono yake mpaka anakufa ilikuwa na alama za miiba ya ncha. Halafu ikaja kamba ya nailoni, bei ikaanguka, mashamba yakageuka pori.

Leo mzungu anatafuta uzi usio wa mnyama wala plastiki. Tunao. Unasuka ukanda, unapiga rangi, unauza.

#17 Wote_Machakos (Kenya)

Mkonge ndio kiondo chetu, mama zetu wamesuka tangu zamani. Lakini nikwambie kitu fundi: kiondo chenyewe ni mkonge mtupu, mishipi yake ni ngozi. Tulijaribu kuweka mishipi ya mkonge, bega la mteja likachubuka. Mkonge una nguvu lakini hauna huruma na ngozi ya mtu. Fikiria kati ya vidole vya mguu.

#18 BukobaMjini

Mnasahau lubugo. Kwetu Kagera na kwa ndugu zetu Waganda, nguo ni gome la mti wa mutuba. Linachunwa kwa mzunguko wakati wa mvua, mti unafungwa majani ya migomba kama mgonjwa anayefungwa bandeji, na gome jipya linaota. Mti mmoja unachunwa miaka na miaka. Gome lenyewe linapondwa kwa nyundo za mbao zenye mistari, mpaka kipande cha upana wa mkono kinakuwa shuka. Rangi yake inatoka kama udongo mwekundu, na ukiligusa ni laini kuliko unavyotegemea, kama kifuniko cha kitabu cha zamani. UNESCO iliutangaza ufundi huu wa Uganda mwaka 2005.

Kwa sandali sijui kama litahimili maji, lakini kwa kitako cha ndani fikiria.

#19 LangoniMsa (Mombasa)

Mimi ni Muislamu lakini nimekua jirani na hekalu la Wajaini hapa Langoni, watu wa dini ya zamani ya India inayokataza kudhuru kiumbe chochote. Mnaosema vegani ni mambo ya wazungu, njooni muone. Wale mkanda na pochi ya ngozi vinabaki nje. Bwana mmoja mwenye duka la vitambaa, mzee sana, hakuuza hariri ya kweli maisha yake yote. Mteja akimwomba, anamwelekeza duka la pili na kumtakia heri. Hakuwahi kumhubiria mtu.

#20 Abu_Salma

LangoniMsa umenikumbusha. Na sisi wanaume wa Kiislamu hariri ni haramu kwetu, ila sababu ni nyingine kabisa, si huruma kwa kiwavi. Wanawake wanaruhusiwa. Lakini dukani tunakutana mstari mmoja na Mjaini tunauliza swali moja: "Hii hariri kweli au ya kiwandani?" Yeye na mimi tunataka ya kiwandani.

#21 Dada_Hamburg

Habari kutoka Ujerumani. Nafanya kazi ghala la viatu, "ngozi za mimea" zinapita mikononi mwangu kila siku. Niwape ninayoyajua.

Ya mananasi ipo kweli, inaitwa Piñatex. Ilibuniwa na Carmen Hijosa, Mhispania aliyekwenda Ufilipino kama mshauri wa ngozi, akaona viwanda vinavyochafua, akageuka. Haitoki kwenye tunda. Inatoka kwenye majani yanayobaki shambani baada ya mavuno. Ya mpungate (kaktasi) inaitwa Desserto, imetoka Mexico mwaka 2019. Ya uyoga iliitwa Mylo. Stella McCartney, mbunifu wa mitindo wa Uingereza ambaye hajatumia ngozi tangu aanzishe jina lake mwaka 2001, aliishonea mkoba, na makampuni makubwa yaliingiza pesa. Mwaka 2023 waliokuwa wanaitengeneza wakasimamisha. Gharama ziliwashinda.

Sasa sikilizeni sehemu ambayo haiandikwi kwa herufi kubwa. Majani ya mnanasi peke yake ni kama kitambaa kikavu. Ili yang'ae na kuzuia maji yanapakwa utando wa juu, na utando huo kwa kawaida una plastiki. Mpungate vivyo hivyo, unga wake unachanganywa na PU. Mwaka 2021 taasisi ya FILK ya hapa Freiberg ilizipima hizi mbadala pamoja na ngozi ya kweli, na hakuna iliyoifikia ngozi kwa kila kipimo. Kuna moja iliyobuniwa Marekani, Mirum, iliyotangazwa kuwa haina plastiki kabisa. Hiyo ndiyo ninayoifuatilia.

#22 MsimbaziB

Dada umenisaidia. Kwa hiyo mtu analipa bei ya ngozi mara mbili, ananunua ile PU ya fundi iliyobabuka, tofauti ina majani ndani?

#23 Dada_Hamburg

Si haki kusema hivyo moja kwa moja. Majani yale yamepunguza mafuta ya petroli yanayotumika, na mkulima wa mnanasi amepata shilingi ya pili kwenye shamba lilelile. Lakini kubabuka, ndiyo, nimeziona zinarudishwa dukani.

#24 Sanifu_wa_Maneno

Na neno lenyewe tulikatae. Mnanasi hauna ngozi. Chungwa lina ganda, mti una gome, samaki ana magamba na ngozi, mnyama ana ngozi. Italia mwaka 2020 walitunga sheria kuwa kisichotoka kwa mnyama kisiitwe ngozi. Sisi lugha yetu ilishatenganisha zamani, kwa nini tuiharibu kwa kumfurahisha muuzaji?

#25 KijanaWaMajani

Mkuu, mbona tunasema tui na maziwa ya nazi? Lugha inatembea na matumizi. Ngozi ya mmea, kila mtu anaelewa.

#26 Sanifu_wa_Maneno

Tui ni tui. Anayesema "maziwa ya nazi" amesoma kopo.

#27 MzeeWaPangani

Hapo namuunga mkono.

#28 Njombe_Baridi

Wakuu, kuna kitu kimesemwa kuwa viwanda vya ngozi vinachafua. Ni kweli kwa ngozi za kromu, ambazo ni zaidi ya robo tatu ya ngozi zote duniani. Ile chumvi ya kromu inaifanya ngozi iwe tayari kwa siku moja mbili na inatoka ya rangi ya buluu. Maji yake yakimwagwa hovyo ndiyo yaliyoharibu Hazaribagh kule Dhaka, Bangladesh, mpaka mwaka 2017 wakahamisha viwanda kwenda Savar.

Lakini ipo njia nyingine ambayo malighafi yake tunaiuza sisi. Huku Njombe milima yote ni miwati. Gome linachunwa, linachemshwa, linatoka dawa nyekundu ya kusindika ngozi, na imekuwa ikienda nje tangu miaka ya 1950. Ngozi ya miwati inachukua wiki kadhaa, inatoka ya kahawia, ngumu, inanukia mti, na ikizeeka inapendeza. Huwezi kuiita sumu. Kwa hiyo fundi, ukimwambia mteja "ngozi ni uchafu, plastiki ni uchafu", mweleze pia ngozi ya namna gani.

#29 MzeeWaPangani

Kweli. Na sisi pwani tulitumia gome la mkandaa. Majahazi yalikuwa yanapakia maganda ya mikoko Rufiji yanapeleka nje.

#30 KijanaWaMajani

Njombe_Baridi, nakubali kwa kemia. Lakini hata ukiisindika kwa maji ya waridi, bado ni ya yule ndama.

#31 Mtumba_Karume

Swali langu la kweli kabisa, sitaki ugomvi. Mimi nauza viatu vya mtumba. Buti la ngozi limevaliwa Ulaya miaka mitano, limefika hapa, litavaliwa na bodaboda miaka mitano mingine. Mnyama alishakufa, pesa haiendi kwa mchinjaji wala kiwandani. Je, vegani akivaa hilo amekosea? Kwa sababu badala yake atanunua raba mpya ya plastiki itakayokufa kwa miezi minane.

#32 KijanaWaMajani

Hapa hata sisi wenyewe tumegawanyika. Wapo wanaovaa mtumba wa ngozi kwa sababu uliyoitaja. Mimi siwezi. Nikivaa, anayeniona anatamani, na atakwenda kununua mpya.

#33 Mkemia_Mabibo

Na tusisahau nguo za kawaida. Sweta la akriliki (uzi wa plastiki) halina mnyama, lakini Chuo Kikuu cha Plymouth mwaka 2016 walipima: kilo sita za nguo za akriliki kwenye mashine zinaweza kuachia nyuzi zaidi ya 700,000 kwa fuo moja. Zinakwenda baharini, samaki anazila. Mnyama ulimwondoa sehemu moja, umemgusa sehemu nyingine.

Na pamba nayo si malaika. Bahari ya Aral imekaushwa kwa kumwagilia pamba. Ya kwetu Simiyu na Shinyanga afadhali, inategemea mvua, na Meatu wanalima ya kilimo hai.

Halafu fundi, sikutaka kukutia hofu lakini uliuliza kwa ukweli. Kwenye mpira wa tairi kunatiwa asidi ya stearini wakati wa kuupika. Inaweza kutoka kwa mawese au kwa mafuta ya ng'ombe. Kwa kuutazama huwezi kujua.

#34 FundiMsharasi

Mkemia, sasa umenivua na soli.

#35 KijanaWaMajani

Fundi usivunjike moyo. Ndiyo maana nilisema "kadiri inavyowezekana". Tairi ambalo tayari limeshatumika na lingechomwa moto, hakuna vegani mwenye akili atakayekurudishia. Mwambie mteja wazi, aamue mwenyewe.

#36 BintiJambiani

Assalam alaykum. Fundi wewe uko kisiwani na oda ni ya huku kwetu, kwa nini unaagiza Tanga? Mama zetu wanafukia makumbi ya nazi kwenye mchanga wa pwani, juu wanaweka mawe maji yasiyachukue, wanayaacha miezi. Yakiiva wanayafukua meusi yananuka tope, wanayaponda kwa gongo mpaka unabaki usumba, halafu wanasokota kamba kwenye paja. Kamba hiyo haiogopi maji ya chumvi kwa sababu imezaliwa humo. Mitepe, vyombo vya baharini vya zamani, ilishonwa kwa kamba ya nazi bila msumari na ikasafiri.

Na mama anayesokota anapata chake hapohapo kijijini.

#37 Mkwakwani_82

Dada usumba ni mzuri kwa kamba ya dau, kwa mguu unakwaruza kuliko mkonge.

#38 BintiJambiani

Kwa ukanda, kweli. Kwa kitako cha ndani mguu unazoea, na hautelezi ukiwa umelowa.

#39 FundiMsharasi

Ahsanteni sana nyote, sikutegemea mapana haya. Nimekaa siku tano nafanya majaribio, nawaletea.

Ukanda wa mkonge: nilisuka nyuzi tatu tatu, upana wa vidole viwili. Nikavaa mwenyewe kutoka kazini mpaka sokoni na kurudi. Wote_Machakos alisema kweli, penye kidole gumba pamechubuka mpaka nyama nyekundu. Nikaurowesha usiku, asubuhi nikauponda kwa nyundo ya mbao juu ya gogo, ukalainika nusu. Halafu chini yake nikashonea turubai la pamba lililokunjwa mara mbili, ukingo umegeukia ndani. Hapo ukakubali. Jana nimevaa kutwa bila kidonda.

Kitako cha ndani: nimejaribu mkeka wa ukindu, unapendeza kwa macho lakini unapasuka unapokunja mguu. Nimefuata ushauri wa BintiJambiani, usumba umefumwa, juu turubai. Huo haujapasuka.

Uzi: nta ya nyuki nimeiweka kando, nimetumia mshumaa wa kawaida. Unateleza, ila unakauka na kukatika vipande vipande kwenye mshono, inabidi niupake mara mbili. Kama kuna mwenye nta nyingine ya mti anijulishe.

Gundi sikutumia kabisa. Nimeshona soli kwa mkono mzunguko mzima, matundu 44 kila mguu. Jozi moja imenichukua siku na nusu, ya ngozi natumia nusu siku. Bei tuliyokubaliana haitoshi, hilo nalijua.

#40 Wote_Machakos

Fundi panda kwa mteja kabla hujaanza ya pili. Mwonyeshe hayo matundu 44, mwambie ayahesabu mwenyewe.

#41 VetWaWilaya

Kazi safi. Bado naamini ngozi ya miwati ingemaliza yote haya kwa nusu siku, lakini kazi ni safi.

#42 Dada_Hamburg

Kuhusu nta, kuna ya karnauba, inatoka kwenye majani ya mti wa Brazil wa jamii ya minazi. Ni ngumu, ichanganye na mafuta kidogo ya nazi kwenye moto mdogo. Na kwa kitako, siku ukipata mtaji tafuta kizibo cha Ureno, gome la mwaloni linalochunwa kila miaka tisa. Ndugu yake lubugo.

#43 Makochi_na_Viti

Mimi bado nataka kujua habari ya jua. Fundi, kipande cha ngozi bandia kilichobaki kigawe mara mbili, kimoja juani, kimoja ndani ya ndoo yenye maji kidogo na kifuniko. Tuone kipi kitaanza.

#44 Mkemia_Mabibo

Nakubali jaribio, lakini ndoo iwe kivulini na vipande vitoke roli moja. Na usubiri, haitakuwa wiki moja.

#45 FundiMsharasi

Vipande nimeviweka leo asubuhi, vyote kutoka roli moja.

Mteja nimemwona. Amekaa chini kwenye ngazi akayahesabu matundu kweli. Ameongeza bei kwa robo na amepunguza oda iwe jozi 40. La tairi nimemweleza kama lilivyo, akanyamaza kidogo, akasema soli ibaki. Swali aliloniachia ni mvua. Kwa hiyo jozi ya kwanza nimeitundika nje ya upenu tangu juzi, vuli imeanza. Turubai linakauka kwa saa tatu. Mkonge umevimba kwenye tundu la tatu la mguu wa kushoto, uzi haujakatika. Naiacha wiki mbili.